Zipe nyasi daku, si karamu: mbolea kabla ya joto bila kualika ukungu

Mwaka wa kwanza wa nyumba yetu hapa Greensboro, North Carolina, nilizilisha nyasi kama mtu anayenenepesha ng'ombe wa maonyesho. Ilikuwa katikati ya Mei. Yadi za majirani zinang'aa, yangu imepauka, nami nikaenda dukani nikabeba mfuko wa paundi 40 ulioandikwa 29-0-4. Nikaumaliza wote asubuhi ile ile. Kwa wiki tatu nilikuwa mfalme wa mtaa: nyasi nzito, laini kama mchicha wa bondeni, zinataka kukatwa kila baada ya siku nne.

Wiki ya pili ya Juni nikarudi kutoka zamu ya usiku, saa moja asubuhi, umande umejaa. Nikaona utando mweupe kama wa buibui umetandwa juu ya nyasi, mahali patatu, kila pamoja kama ukubwa wa sinia. Nikachutama. Hakuna buibui. Nikaugusa kwa kidole, ukanata kama pamba iliyolowa. Jua lilipopanda ukatoweka, nikasahau, nikaenda kulala. Ijumaa yake masinia yale yalikuwa yamegeuka rangi ya makuti makavu. Julai ikaja barua ya HOA, chama cha wenye nyumba wa mtaa kinachosimamia sura ya yadi.

Ugonjwa ule huku huitwa brown patch, na kuvu wake ni Rhizoctonia solani. Haukuletwa na upepo wala na mbwa wa jirani. Niliukaribisha mwenyewe kwa ule mfuko, na kinachofuata ni namna ninavyofanya tangu hapo. Nawaandikia hasa ndugu zetu wenye nyumba Marekani, kuanzia North Carolina, Virginia na Tennessee, kwa sababu ukanda huu ndio mgumu kuliko yote: baridi ni kali kwa nyasi za joto, na joto ni kali kwa nyasi za baridi. Walioko Texas, Florida na Ohio wana sehemu yao mbele kidogo.

Ukungu na ukungu

Kiswahili kimeweka ukungu wa alfajiri na ukungu wa ugonjwa katika neno moja, na kwenye nyasi waliotuachia lugha hii hawakukosea. Kuvu wa brown patch yumo kwenye udongo na kwenye mabua yaliyokufa mwaka mzima, kwako na kwa jirani. Anachosubiri ni usiku ambao joto halishuki chini ya digrii 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, na majani yanayobaki yamelowa kwa saa kumi au zaidi mfululizo. Hapa kwetu usiku wa namna hiyo huanza mwishoni mwa Mei na hukaa hadi mwanzoni mwa Septemba.

Joto la usiku huliwezi. Unachokiweza ni chakula na maji.

Nitrojeni, ile namba ya kwanza kwenye mfuko, huharakisha jani. Jani linalokimbia huwa na ukuta mwembamba, teke, rahisi kupenywa. Pia nyasi husongamana hadi upepo haupiti, na unyevu hukaa chini hadi saa nne au tano asubuhi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: yale matone kwenye ncha za majani asubuhi si umande mtupu. Mengine hutoka ndani ya jani lenyewe, na yana sukari na asidi amino. Nyasi zilizoshiba nitrojeni hutoa matone yenye chakula zaidi, na kuvu hupata uji wake kitandani.

Lakini usikimbilie upande wa pili ukasema basi sitii mbolea kamwe. Nyasi zenye njaa zina magonjwa yao. Dollar spot huacha mabaka madogo ya mviringo ya ukubwa wa sarafu ya dola, na hupenda nyasi zilizokosa nitrojeni zikiwa na umande juu na kiu chini. Red thread huonyesha nyuzi nyekundu kwenye ncha za majani wakati wa baridi ya masika, nayo ni ya nyasi dhaifu. Mtu akiona mabaka akakimbilia dawa bila kujua ni ya njaa au ya shibe, anatibu homa kwa kubahatisha.

Kwa hiyo suala ni lini. Fescue, nyasi iliyo kwenye yadi nyingi za huku, ni nyasi ya baridi. Mizizi yake hukua kuanzia Septemba hadi masika. Joto likikaza, hutumia sukari nyingi kuliko inayotengeneza, mizizi hupungua, na kazi yake inabaki moja: kuvuka. Ukiitia nitrojeni wakati huo unaamsha aliyefunga unamwambia akimbie mbio. Mimi huhesabu mwaka wake hivi: milo mikubwa ni Septemba na Novemba, daku ni Februari, na kuanzia katikati ya Machi ni mfungo.

Hatua ya 1: Jua una nyasi gani

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, maana ushauri wa nyasi moja ni sumu kwa nyingine.

Angalia yadi yako Januari. Ikiwa imebaki kijani, hata kama kijani chenyewe kimechoka, una nyasi ya baridi: fescue, Kentucky bluegrass au ryegrass. Ikiwa imegeuka rangi ya mkeka wote kwa pamoja baada ya jalidi ya kwanza, una nyasi ya joto: Bermuda, zoysia, centipede au St. Augustine.

Bermuda utaitambua bila mwalimu. Ni ukoka, Cynodon dactylon, ule ule tuliong'olewa nao mikono shambani. Wamarekani wanalipa fedha kuupanda, na aina bora za viwanja vya gofu zimetokana na kuuchanganya na ndugu yake wa Afrika Kusini. Wakati huo huo ile nyasi ya Kikuyu tunayoitandaza kwenye yadi za Nairobi na Arusha, huku serikali kuu imeiweka kwenye orodha ya magugu hatari. Usije ukabeba kipande kwenye begi kwa kukumbuka nyumbani.

Hatua ya 2: Pima udongo kabla hujanunua chochote

Kila kaunti ina ofisi ya ugani inayoshirikiana na chuo kikuu cha jimbo. Nenda uchukue visanduku vya sampuli. Chimba sehemu 15 hadi 20 za yadi kwa kina cha inchi 4, ondoa majani na mizizi, changanya kwenye ndoo ya plastiki, kisha jaza kisanduku. Usitumie ndoo ya mabati, zinki yake itaharibu majibu. Yadi ya mbele na ya nyuma zipime mbali mbali, hasa kama nyuma ndiko mjenzi alikozika vifusi vyake.

North Carolina maabara ya idara ya kilimo hupima bure kuanzia Aprili hadi Novemba. Desemba hadi Machi kuna ada ndogo kwa kuwa foleni huwa ndefu. Peleka sampuli zako Oktoba, usingoje Februari kila mtu anapokumbuka.

Majibu yatakuambia mambo matatu ya maana. La kwanza ni uchachu. Fescue hutaka pH ya kati ya 6 na 6.5, na udongo mwekundu wa huku mara nyingi uko chini ya hapo, kwa hiyo utaambiwa utie chokaa ya kilimo. Chokaa hufanya kazi polepole, miezi kadhaa, ndiyo maana nasema Oktoba. La pili ni fosforasi: yadi nyingi zinayo ya kutosha, na majimbo kama Maryland na Minnesota yana sheria zinazokubana usiitie bila kipimo kuonyesha upungufu. La tatu ni potasiamu, ambayo husaidia nyasi kuvumilia joto na kiu. Ikipungua itie, ikitosha, kuzidisha hakukupi kitu.

Nitrojeni haimo kwenye majibu hayo, maana kwenye udongo hubadilika kila siku. Unaipanga kwa kalenda na aina ya nyasi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mfuko

Chukua kalamu. Hii ndiyo hatua niliyoiruka mwaka ule.

Huku kipimo ni paundi za nitrojeni kwa kila futi za mraba 1,000. Fescue huhitaji kama paundi 3 kwa mwaka mzima. Namba ya kwanza kwenye mfuko ni asilimia ya nitrojeni. Mfuko wangu wa paundi 40 wa 29-0-4 ulikuwa na paundi 11.6 za nitrojeni. Yadi yangu ni futi za mraba 4,000, ukitoa nyumba, njia ya gari na banda. Gawanya: karibu paundi 2.9 kwa kila futi 1,000. Chakula cha mwaka mzima kwa asubuhi moja, wiki mbili kabla ya joto!

Njia ya mkato: gawanya 100 kwa namba ya kwanza, utapata paundi za mbolea zinazotoa paundi 1 ya nitrojeni. Kwa 16-4-8 ni 6.25. Kwa urea ya 46-0-0 ni kama 2.2 tu, ndiyo maana urea huunguza haraka mikononi mwa asiyepima.

Daku langu la Februari ni nusu paundi ya nitrojeni kwa futi 1,000. Wataalamu wa ugani wa huku hukubali hadi paundi 1 mwezi huo, lakini yadi yangu iko bondeni, upepo haufiki, nami nimeumwa na nyoka. Kwa futi 4,000 nahitaji paundi 2 za nitrojeni. Nikitumia 16-4-8, ni paundi 12.5 za mbolea. Nazipima kwenye mizani ya bafuni: napanda nikiwa na ndoo tupu, kisha nikiwa na ndoo yenye mbolea. Mke wangu hucheka, ila tangu hapo sijapokea barua nyingine.

Kipimo cha yadi yenyewe usikikisie. Tembea na futi kamba, au ingia kwenye ramani ya kaunti mtandaoni uone eneo la kiwanja, kisha toa kila kisichoota nyasi. Watu wengi hutia mbolea ya kiwanja kizima, paa la nyumba likiwemo.

Hatua ya 4: Chagua mbolea inayotoka polepole

Geuza mfuko usome nyuma. Penye maelezo ya nitrojeni utaona imegawanywa: kiasi kinachoyeyuka mara moja na kiasi kinachotoka taratibu. Tafuta ile ambayo nusu yake au zaidi hutoka taratibu. Urea iliyovikwa salfa au plastiki nyembamba ni ya namna hiyo. Milorganite nayo, mbolea inayotengenezwa Milwaukee kutokana na majitaka tangu 1926, hutoka polepole kwa sababu vijidudu vya udongo lazima viimeng'enye kwanza. Ina harufu. Usiitie siku unayotegemea wageni wa pilau.

Angalizo moja: ya polepole haina maana salama wakati wote. Ukiitia mwishoni mwa Aprili kwenye fescue, itafungua milango yake Juni, usiku wenyewe ule wa digrii 70. Kwenye nyasi za baridi za ukanda huu, hata ya polepole iishe kumwagwa kabla ya katikati ya Machi.

Na hapa pana mtego. Machi madukani hujaa mifuko yenye mbolea na dawa ya magugu pamoja. Dawa ya kuzuia crabgrass, gugu la kiangazi, kuota ina wakati wake, nao ni kabla udongo haujafika kama digrii 55 za Farenhaiti. Ukiona forsythia, ile miti midogo ya maua ya manjano, imechanua, muda ndio huo. Shida ni kwamba wengi hununua mfuko Aprili na kujikuta wametia nitrojeni bila kukusudia. Nunua dawa isiyo na nitrojeni; namba ya kwanza iwe sifuri, mfano 0-0-7. Ipo, ila mara nyingi imewekwa rafu ya chini.

Hatua ya 5: Mwaga kwa mistari miwili

Siku iwe kavu, majani yawe makavu, na mvua kubwa isiwe karibu. Punje zikinata kwenye jani bichi huunguza, na mvua ya radi huzipeleka zote mtaroni.

Kitoroli cha kumwagia mbolea kijazie juu ya saruji, kamwe usikijazie juu ya nyasi. Punje zikimwagika kwenye saruji unazifagia. Zikimwagika kwenye nyasi unapata kiraka kilichoungua chenye umbo la kosa lako, na kila mgeni atakuuliza.

Gawa mbolea mafungu mawili. Anza na mlango wa kitoroli ukiwa mdogo kuliko ulioandikwa kwenye mfuko. Fungu la kwanza pita mashariki hadi magharibi, la pili kaskazini hadi kusini. Ukimaliza yadi na fungu halijaisha, rudia njia zako. Hilo ni afadhali kuliko fungu kuisha ukiwa nusu. Fagia njia ya gari na barabara, rudisha punje kwenye nyasi. Kisha nyunyiza maji kidogo, robo inchi hivi, ziondoke kwenye majani zishuke kwenye udongo.

Hatua ya 6: Kama umesoma haya Mei

Najua wengi mtafika hapa Mei, wakati yadi ya jirani inakuchoma macho. Ikiwa nyasi zako ni fescue, jibu ni hapana. Usitie nitrojeni.

Kama unataka rangi, tumia madini ya chuma, yale ya kunyunyiza kwa maji. Chuma huongeza kijani bila kusukuma jani likue. Fuata kipimo cha lebo, na usiache maji yake yaguse saruji: yatakuachia madoa ya kutu ambayo HOA watayaona kabla ya wewe. Kama kipimo cha udongo kilionyesha potasiamu imepungua, unaweza kuitia sasa kwa mbolea isiyo na nitrojeni.

Na ikiwa tayari umeshamwaga mfuko kama mimi? Huwezi kuirudisha mbolea, ila unaweza kuacha kuisaidia. Usimwagilie jioni, kata kwa ratiba hata kama ni mara mbili kwa wiki, na usiongeze kitu.

Maji na kisu

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nimeona yadi yenye mbolea sahihi ikiliwa na ukungu kwa sababu ya bomba.

Wengi wetu tumelelewa kumwagilia bustani jioni, jua likipoa. Huko nyumbani mwenye mchicha na sukuma wiki hafanyi kosa, anaokoa maji. Kwa fescue ya kiangazi cha huku, jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote. Jani linalowa saa kumi na mbili jioni, umande unashuka juu yake usiku, na linabaki bichi hadi saa nne asubuhi. Hizo ni saa kumi na sita. Kuvu aliomba kumi tu.

Mwagilia alfajiri, kati ya saa kumi na saa tatu asubuhi. Wakati huo majani tayari yana umande, kwa hiyo huongezi muda wa ubichi, na zaidi ya hapo maji yanasuuza yale matone yenye sukari niliyoyataja. Toa inchi 1 kwa wiki, ukihesabu na mvua, kwa mara mbili. Weka makopo matupu ya samaki wa jodari penye mnyunyizo, subiri yajae inchi nusu, angalia saa: hapo unajua bomba lako linachukua dakika ngapi. Langu huchukua 35. Kumwagilia dakika tano kila siku ni kulowesha majani na kuacha mizizi na kiu, yaani kulisha adui na kumnyima rafiki.

Kukata: fescue iache inchi 3 hadi 4. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kisu kiwe kikali. Jani lililochanwa na kisu butu hukauka ncha na kuacha mlango wazi. Kata nyasi zikiwa kavu, na mabaki yaache yaanguke. Yanarudisha nitrojeni ya kutosha kupunguza kama robo ya mbolea ya mwaka, na hutoka taratibu. Wakati mabaka yameshaonekana na nyasi ni mbichi, usipite na mashine. Utahamisha kuvu kwa magurudumu.

Walio kwingine

Shemeji yangu yuko Columbus, Ohio, ana bluegrass, na tumegombana kwenye simu kuhusu hili.

"Shemeji, wewe unasema mwisho katikati ya Machi, mimi Machi bado nina theluji!"

Yuko sahihi. Kule juu, Ohio, Michigan, Minnesota, mlo mkubwa unabaki kuwa Septemba, lakini mlo mdogo kabla ya joto huangukia mwishoni mwa Mei, nyasi zikishamaliza ule msukumo wa masika. Nusu paundi ya nitrojeni kwa futi 1,000, ya polepole. Kosa la kule ni kumwaga nyingi Aprili: jani linakimbia, mizizi inabaki nyuma, na ugonjwa wa madoa ya majani huingia.

Walio na Bermuda, Georgia au Dallas, wao kalenda imegeuzwa kichwa chini. Joto ndilo shamba lao. Subirini yadi iwe kijani yote na jalidi ya mwisho iwe imepita, kisha anzeni, kwa kawaida Mei, na mwendelee kiangazi kwa nusu hadi paundi 1 kwa mwezi. Acheni nitrojeni mwishoni mwa kiangazi. Ukitia vuli iliyokolea, masika ijayo mabaka yaliyokufa yatakuambia.

Zoysia na St. Augustine wana ndugu wa kuvu yule yule, anayeitwa large patch, lakini huyu hupenda baridi kidogo, masika na vuli. Kwa hiyo kuzilisha mapema, mara tu zinapoanza kuchipua, ndiko kumwita. Subira hadi Mei. St. Augustine za Houston na Florida zina tatizo la pili: gray leaf spot, madoa ya kijivu kwenye majani wakati wa mvua za kiangazi, na nitrojeni ya haraka huyachochea. Florida kaunti kadhaa, Pinellas na Sarasota zikiwemo, zinakataza kabisa nitrojeni na fosforasi kwenye nyasi kuanzia Juni 1 hadi Septemba 30, kwa ajili ya maji ya bahari. Sura ya St. Augustine yenyewe si ngeni kwetu: ina jamaa anayeota pwani yetu na kuitwa nyasi ya Pemba.

Centipede iacheni na umaskini wake. Nusu paundi mara moja kwa mwaka, Juni, inatosha. Ukiilisha kama Bermuda itaiva kijani mwaka mmoja na kuanza kufa mwaka wa pili.

Ukungu ukija hata hivyo

Utakuja baadhi ya miaka. Kabla ya kununua dawa, ng'oa jani moja pembeni mwa baka, siyo katikati palipokufa. Likiwa na doa la rangi ya mchanga lililozungukwa na mstari wa kahawia iliyokolea, ni brown patch. Likiwa linaonekana la mafuta mafuta, limelala, na mabaka yanafuata njia ya maji, inaweza kuwa Pythium, na huyo huua mmea mzima kwa siku chache. Peleka picha na sampuli ofisi ya ugani haraka.

Brown patch kwenye fescue mara nyingi hula majani na kuacha shina la chini hai. Chunguza: panua nyasi kwa vidole uone kama pale chini pana rangi nyeupe au kijani. Ikiwepo, subiri. Hali ya hewa ikipoa, majani mapya yatatoka.

Dawa zipo, azoxystrobin na propiconazole ndizo utakazozikuta madukani kwa urahisi. Hufanya kazi vizuri zaidi zikitangulia ugonjwa, usiku unapoanza kukaa digrii 68, kuliko zikija baadaye. Lebo ni sheria, kwa maana halisi ya sheria ya Marekani. Mkitumia, badilisheni kundi la dawa kila safari ili kuvu asizoee. Mimi sijatia dawa mwaka wa nne huu. Kona moja ya nyuma, chini ya mti wa mwaloni, hushika ukungu kila Julai, na nimeamua ni yake.

Ile barua ya HOA niliijibu kwa mstari mmoja, kwamba ni ugonjwa wa kuvu na nitapanda mbegu Septemba. Wakakubali. Katikati ya Septemba nikakodi mashine ya kutoboa udongo, nikasia mbegu paundi 3 kwa kila futi 1,000 palipopungua, nikatia paundi 1 ya nitrojeni, na nikamwagilia kidogo kidogo kila siku hadi mbegu zilipoota. Huo ndio wakati pekee ninaokubali dakika tano za bomba kila siku.